Baridi Hukaa Bondeni

Jumamosi ndiyo siku niliyoiogopa kuliko zote kule Levi. Wageni wa wiki nzima walitakiwa wawe wametoka saa sita mchana, na wageni wapya walikuwa wanaingia saa kumi. Katikati hapo kulikuwa na masaa manne, nyumba tano za mbao, gari moja la mizigo na watu watatu: mimi, mama mmoja Mfilipino ambaye sote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao, na kijana wa Ukraine aliyekuwa dereva na msafishaji pia.

Usidhani nyumba ya mbao ni kibanda. Ile ndogo kabisa ilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu ya Ol Kalou. Vyumba vitatu vya kulala, jiko, meko ya kuni, na sauna ndani kwa ndani. Mfini bila sauna ni kama Mkenya bila chai. Kazi yangu ilianzia hapo: kusugua yale mabenchi ya mbao kwa brashi na maji moto mpaka jasho la watu wanane litoke. Halafu nazoa majivu kwenye meko, naangalia kabati la kukaushia nguo za theluji, maana humo ndimo glavu za watoto husahauliwa, napiga deki, nabadilisha mashuka. Kitanda kimoja, dakika tatu. Nikizidisha, Ate alikuwa anakohoa tu pale mlangoni, na nilijua maana yake.

Raha ilikuwa kwa friji. Wageni hawarudi kwao na mayai kwenye ndege. Wanaacha nusu ya jibini, soseji ambazo hazijafunguliwa, maziwa, sukari, chupa ya ketchup iliyotumika mara moja. Sheria yetu ilikuwa rahisi: aliyesafisha choo ndiye anachagua kwanza. Mwezi wa Desemba niliishi kwa jibini la watu nisiowajua, na nilijitolea kusafisha vyoo vingi sana.

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi msimu mzima mahali pa skii huko Ulaya, wananiuliza mambo mawili: kama niliona zile taa za kijani angani, na kama najua kuskii. Taa niliziona. Kuskii sijui. Swali la tatu, kwamba kwa nini nilirudi bila digrii, hawaniulizi mimi. Hilo wanaliuliza nikishatoka kwa hiyo nyumba.

Basi acha nilijibu hapa.

Nilienda Ufini kusoma. Chuo kilikuwa kusini, mbali na hiyo theluji ya kwenye kalenda, na karo yangu ilikuwa yuro 8,000 kwa mwaka. Wakati ule yuro moja ilikuwa kama shilingi 140, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Juu ya karo, ili upate kibali cha kukaa kama mwanafunzi, lazima uonyeshe benki una pesa za kujilisha mwaka mzima. Baba aliuza nusu eka, ile iliyopakana na lami. Chama cha mama kikatoa mkopo. Jamaa wakachanga kwa harambee iliyofanyika chini ya hema la kukodi, na mchungaji akaniombea nisisahau nilikotoka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Ningesahau vipi? Nilikuwa nimebeba kila sarafu yao begani.

Kuna jambo la kueleza kuhusu hiyo nusu eka. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi ya Wagikuyu nilipewa jina la baba ya baba yangu. Kwa hivyo baba huniita "baba". Tangu nikiwa mdogo: "Baba, leta jembe." "Baba, umekula?" Shamba ni la huyo babu ninayebeba jina lake. Siku ya kusaini kwa wakili, baba aliniambia, "Baba, hii ni yako, na sasa tunaiuza uende." Alisema kama mzaha. Sikucheka.

Mwaka wa kwanza ulienda vizuri. Mwaka wa pili karo ilihitajika tena na hatukuwa na lami nyingine ya kuuza. Nikaandikia chuo. Wakanijibu kwa upole, vile wao hujibu: niruhusiwe kuchelewa, mradi nusu ya karo, yuro 4,000, iingie kabla ya mwisho wa Februari. Isipoingia, nafasi yangu inakwisha, na kibali changu kilitegemea hiyo nafasi.

Mwanafunzi kama mimi kule anaruhusiwa kufanya kazi masaa 30 kwa wiki. Mjini nilikokuwa kazi zilikuwa za kugombania. Wanafunzi wa Nepal, Vietnam na Nigeria wote tulikuwa tunapeleka magazeti na chakula kwa baiskeli. Msee mmoja akaniambia, nenda Lapland, wakati wa baridi wanatafuta watu wa kusafisha kama wanavyotafutwa watu wa kuvuna majani chai. Nikapanda treni ya usiku kutoka Helsinki hadi Rovaniemi, kisha basi hadi kijiji cha Sirkka, chini ya mlima wa Levi. Ilikuwa mwisho wa Novemba.

Niseme ukweli kuhusu huo mlima. Kilele chake ni mita 531 kutoka usawa wa bahari. Ol Kalou iko zaidi ya mita 2,300. Yaani kileleni pale, ambako watu wamevuka bahari na kulipa hoteli ili wapande kwa lifti na kuteremka, ni chini kabisa kuliko sakafu ya jiko la mama yangu. Nilipoiona hiyo namba kwenye ramani nilicheka peke yangu kwa stendi ya basi. Lakini kwao baridi haisababishwi na urefu wa mlima. Ni jua. Levi iko kama kilomita 170 kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki, na wakati wa Krismasi jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Kipindi hicho wanakiita kaamos. Sio giza la kukata na shoka; mchana panakuwa na mwanga wa samawati kwa masaa machache, kama alfajiri iliyoanza ikakata tamaa. Halafu usiku unarudi. Saa kumi jioni mimi nabeba takataka chini ya nyota.

Na hiyo wilaya ya Kittilä si ya mchezo. Katika kijiji chake kimoja kinachoitwa Pokka, tarehe 28 Januari 1999, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51.5 chini ya sufuri, na hiyo ndiyo rekodi ya Ufini yote. Mimi sikufika huko. Mimi nilifika nyuzi 36 chini ya sufuri, na ilitosha. Ukivuta pumzi, nywele za puani zinagandana. Theluji inalia chini ya kiatu kama kiti cha zamani. Magari yanachomekwa kwa stima usiku kama simu, la sivyo asubuhi hayawaki. Simu yenyewe ikikaa nje ya mfuko, betri inatoka asilimia 60 hadi kuzima, bila hata kukuaga.

Picha ile ilipigwa wiki yangu ya pili. Tulikuwa tumemaliza nyumba moja mapema, na nje ukutani kulikuwa na skii za wageni, jozi nne. Ate akasema, simama hapo nikupige, mama yako afurahi. Nikavua aproni, nikashika skii za mtu, nikatabasamu. Nyuma yangu kulikuwa na misonobari imefunikwa na theluji mpaka inaonekana kama watu wazima wamevaa mashuka. Nikaituma kwa grupu ya familia. Sikuandika kitu chini yake. Hapo ndipo nilikosea, maana picha isiyo na maneno kila mtu huiandikia yake.

Kufikia jioni, binamu watatu walikuwa wameniomba niwatafutie kazi. Mjomba aliuliza gari ya mitumba ya huko ni pesa ngapi. Mwalimu wangu wa zamani aliniandikia kwamba amejua siku zote nitafika mbali. Baba akaenda kuichapisha mjini Ol Kalou, akaiwekea fremu, akaitundika sebuleni kando ya kalenda ya duka la pembejeo.

Lakini na mimi nilijaribu hiyo skii. Siku moja ya mapumziko, dereva wetu alinipeleka kwenye kilima cha watoto. Kuna kitu kama mkeka unaotembea, unasimama juu yake unabebwa taratibu mpaka juu. Nilifika juu bila shida. Kuteremka nilianguka mara nyingi kiasi kwamba mtoto mmoja, sijui kama alikuwa amefika miaka mitano, alisimama kunitazama, halafu akamuuliza mama yake kitu, na mama yake akamvuta mkono.

Msimamizi wetu, mzee wa Kifini asiyependa maneno mengi, alikuwa na neno moja kuhusu Kenya: "Boit." Alilisema siku ya kwanza aliposoma pasipoti yangu, na nilidhani ananiuliza kama nakimbia. Kumbe alikuwa anamkumbuka Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyeletwa Ufini kufundishwa skii katika miaka ya tisini, akaenda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kwa mbio za kilomita 10. Boit alimaliza wa mwisho, kama dakika ishirini baada ya mshindi. Na huyo mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka, akamngoja pale mwisho akamkumbatia. Baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mzee alinieleza haya yote kwa sentensi labda tano, kwake hiyo ilikuwa hotuba. Mimi nilibaki nikifikiria tu kwamba Boit alisaidiwa na mtu aliyekuwa na muda wa kungoja. Karo haina Dæhlie.

Baba alikuwa hapendezwi na habari za skii. Jambo moja tu lilimgusa. Levi huwa na mashindano ya Kombe la Dunia kila Novemba, na mshindi hupewa poro, yule mnyama wa kaskazini mwenye pembe kama matawi. Sio sanamu, ni mnyama mzima. Mikaela Shiffrin wa Marekani ameshinda mara nyingi mpaka ana kundi lake huko. Nilipomweleza baba, alinyamaza kidogo.

"Dume au jike?"

"Sijui, baba."

"Uliza."

Niliuliza. Nilishapata jibu, lakini tulipoongea tena palikuwa na mambo mengine.

Kabla sijafika huko nieleze kuhusu bonde. Asubuhi moja ya Januari gari lilikataa kuwaka, na tulikuwa tumejikunja mlangoni mwa ghala la mashuka tukiruka-ruka. Mzee akatazama kule juu mlimani, akasema tukitaka joto tupande huko. Nikajua anatania. Hakuwa anatania. Siku ambazo hakuna upepo na anga liko wazi, hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutulia mabondeni. Kijijini Sirkka kipimajoto kilisoma nyuzi 34 chini ya sufuri. Kule juu walikokuwa wanaskii, nyuzi 20. Wageni walikuwa wanateleza kwenye joto letu.

Jioni nikampigia baba nimweleze hilo, maana niliona ni ajabu. Kwake halikuwa ajabu.

"Hiyo si tunaijua," akasema. "Si hata hapa huanza na ile mistari ya chini, karibu na mto? Baridi hukaa bondeni."

Kama hujalima Nyandarua, pengine hujui kwamba Kenya kuna sakitu. Usiku wa Januari usio na mawingu, umande unaganda juu ya majani. Asubuhi shamba ni jeupe na linapendeza sana, ungedhani ni kitu cha kupigwa picha. Jua likitoka, majani yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Ndiyo maana wakulima wetu hawasemi viazi viliganda. Wanasema baridi imechoma. Nilikua nikilijua hilo neno kabla sijaenda shule.

Sasa hesabu zangu zilikuwa hivi. Mshahara wangu, baada ya kodi ya nyumba ya wafanyakazi niliyokaa na wenzangu watano, uliniwezesha kuweka kando kama yuro 700 kwa mwezi. Ukipata zamu ya Jumapili, sheria yao inasema ulipwe mara mbili, na mimi nilizipigania Jumapili kama mtu asiye na dini. Vijisenti vya msimu wa kusambaza chakula vilikuwepo pia. Kufikia mwisho wa Februari nilitarajia kuwa na yuro 2,600. Baba alikuwa na eka moja na nusu ya viazi, Shangi, vilivyotegemewa kung'olewa Februari. Bei ikikaa vizuri, alisema, haitakosa shilingi 160,000. Hiyo ni zaidi kidogo ya yuro 1,100. Chama cha mama kilikubali kuongeza mkopo wa shilingi 50,000. Jumlisha: inapita 4,000 kwa yuro chache sana. Niliiandika kwa kalamu nyuma ya karatasi ya ratiba na kuibandika ukutani juu ya kitanda. Ate aliisoma siku moja, akaniambia hesabu kama hiyo ameiandika kila mwaka kwa miaka kumi na tatu, na ya kwake ina watoto wanne ndani.

Baba alipiga Jumapili ya wiki ya tatu ya Januari. Mimi huwa ndiye ninayepiga, kwa hivyo nilijua. Nilitoka nje ya nyumba tuliyokuwa tunasafisha, na viatu vya ndani miguuni.

"Baba," akasema.

"Niambie, baba."

"Imechoma."

"Yote?"

"Ya juu imebaki imebaki. Ya chini ni yote." Nilisikia ng'ombe, na mtu akigonga ndoo. "Jana usiku hakukuwa na wingu hata moja. Nilitoka saa tisa nikaangalia, nikajua."

Nilitaka kumwambia pole. Lakini nilikuwa nimesimama nyuzi 36 chini ya sufuri bila glavu, na simu ikazima mkononi. Ndani ya dirisha nilimwona Ate akikunjua shuka. Kwenye mteremko mbele yangu taa zote zilikuwa zimewashwa, na watu wa nguo za rangi rangi walikuwa wanateremka wakipiga kelele za furaha. Sikuwachukia. Watu hufikiria nitasema niliwachukia. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kawaida waliojinyima mwaka mzima ili waone theluji na watoto wao. Nilifikiri tu kwamba baridi ni ile ile, na kwamba sijawahi kuona mahali ambapo inalipiwa tiketi.

Baada ya siku tatu baba akapiga tena. Sauti yake ilikuwa imetengenezwa, kama ya mtu aliyefanya mazoezi.

"Kuna mtu nimeongea naye," akasema. "Anataka robo eka. Ile ya juu, karibu na mikaratusi."

Ya juu ndiyo sehemu ambayo baridi haiwezi. Ndiyo iliyokuwa imebaki imebaki. Na ndipo babu yangu amezikwa, sio kwenye robo yenyewe, lakini ukisimama kaburini unaigusa kwa jiwe.

"Anatoa pesa lini?"

"Mwezi huu huu. Chuo kinataka Februari, si ndiyo?"

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikuwa nimeketi kitandani, ile karatasi iko juu ya kichwa changu. Nilijua kwamba hata akiuza, hizo 4,000 ni nusu ya mwaka tu. Nusu nyingine ingekuja Agosti, na mwaka wa tatu nyuma yake, na shamba halikuwa na robo eka za kutosha kwa digrii nzima. Nilijua pia kwamba nikimweleza hivyo, angesema Mungu atafungua njia, na angeuza. Baba yangu hajawahi kushindwa mjadala ambao ndani yake kuna Mungu na mtoto wake.

Kwa hivyo nilimdanganya. Nilisema, "Usiuze, baba. Nimeongea na chuo. Wamesema viazi kuharibika ni sababu inayoeleweka, wamekubali ningoje hadi Septemba."

"Wamesema hivyo?"

"Wameandika kabisa."

"Hao watu wako na utu," akasema baba. Halafu akamwita mama kwa sauti, amwambie.

Chuo hakikuwa kimeandika kitu kama hicho. Wala sikukiomba. Labda kingekubali, sitajua. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye watu wanauza vitu kwa sababu yake, na huo uchovu ndio uliozungumza. Nimejaribu kuuita ukomavu. Siku nyingine unakubali kuitwa hivyo, siku nyingine unakataa.

Mwisho wa Februari ndio wakati wa kazi nyingi zaidi pale Levi, kwa sababu shule za Ufini hufunga kwa zamu kwa likizo ya skii, kuanzia kusini kwenda kaskazini. Siku ya mwisho ya kulipa karo tulisafisha nyumba saba. Usiku, saa sita kasoro kitu, niliketi jikoni kwa nyumba ya wafanyakazi na yuro zangu 2,600 kwenye akaunti, nikatazama saa ya simu mpaka tarehe ikabadilika. Nilidhani nitalia. Nilikula soseji za watu nikaenda kulala. Baada ya siku chache barua pepe ya chuo ilikuja, ya heshima, ikinitakia heri katika mipango yangu.

Nilibaki hadi katikati ya Aprili, jua sasa likichelewa kutua, theluji ikiwa bado hadi magotini. Kabla sijaondoka, dereva wetu alifukua theluji kando ya njia na buti akanionyesha chini yake: vichaka vya matunda madogo ya porini, vidogo, vya kijani, vizima kabisa. Theluji nene ni blanketi, akaniambia. Kinachoua mimea ni baridi inayokuja na hakuna theluji. Nilikaa nikitazama hivyo vichaka. Kumbe sisi Nyandarua tunapata ile baridi mbaya tu, bila blanketi.

Nilirudi nyumbani na yuro 3,350. Niliambia kila mtu kwamba nimekuja likizo nikingoja Septemba. Nikalipa chama cha mama kile kilichobaki cha mkopo wa kwanza. Nikanunua tangi la maji la lita 5,000, pampu ya petroli na mpira mrefu. Kilichobaki nilinunua laptop ya mitumba, ambayo ndiyo ninaandikia haya, na ambayo ndiyo hunilisha: naandika makala za wavuti za watu wengine, maelezo ya bidhaa, risala za harusi, mara moja moja kitu changu. Septemba ilifika. Ikapita. Hakuna aliyesema kitu mezani.

Picha bado iko sebuleni. Mgeni akiuliza, baba husema, "Huyo ni yeye, alikuwa anafanya kazi kwa barafu." Hasemi nilikuwa naskii. Sijui ni lini aliacha kusema hivyo.

Januari iliyopita anga lilikaa wazi siku nne mfululizo. Jioni ya nne baba alitoka nje, akaangalia juu, akarudi akasema, "Leo itapiga." Tukalala na nguo. Saa kumi usiku tukaamka, tukawasha pampu, kwa sababu ukiosha ile sakitu kwa maji kabla jua halijaigusa, majani mengine hupona. Mimi nilishika mpira, yeye alishika tochi. Majani yalikuwa meupe na yalikuwa yanalia chini ya buti zangu, sauti ile ile.

"Huko walikuwa wanafanya nini na baridi kama hii?" akaniuliza.

"Wanalipa ili wateleze juu yake."

Alicheka mpaka tochi ikatikisika. Nikakumbuka deni. "Na yule poro," nikasema, "mshindi huchagua jina tu. Mnyama mwenyewe hubaki na mfugaji."

"Basi hawajapewa kitu," akasema baba.

Tukafanya mistari miwili kimya. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Chuo kilikukatalia lini?"

Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. "Hakikunikatalia, baba. Walisema Februari. Mimi ndiye nilisema uongo, usiuze ile ya juu."

Pampu ilikuwa inanguruma, nikadhani hakusikia. Alisogeza mwanga wa tochi polepole kutoka kwa mikaratusi, juu ya mistari yote, mpaka kule karibu na mto ambako kulikuwa kweupe zaidi.

"Anza na ya chini, baba," akasema. "Hii ya juu itangoja."

Nikauburuta mpira kuelekea bondeni.